Siku ya Kijani Hakuna Mkondo

"Itangazwe kwa raia wote, na kwa wageni wenye vibali, kwamba kuanzia tarehe mosi Julai 2002 maji ya Ziwa Tanganyika, upande wa Bujumbura, yatakuwa na tabia inayojulikana mwezi mzima kabla."

Hivyo ndivyo lilivyosomwa redioni tangazo la kwanza la Tume ya Taifa ya Utabiri wa Mikondo ya Fukwe: mara mbili kwa Kirundi, mara mbili kwa Kifaransa, na mara moja kwa Kiswahili, haraka haraka, kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha. Watu wa mtaa wa Nyakabiga, waliokuwa wakisubiri kusikia kama barabara ya kwenda bara imefunguliwa, walisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha wakazima redio kuokoa betri.

Tume ilizaliwa kwa sababu nzito. Jumapili moja ya mwezi wa Mei, mzungu wa shirika la misaada aliingia kuogelea karibu na Ruziba. Maji yakamchukua. Yakamvuta mbali, yakamsogeza kaskazini, na baada ya saa mbili yakamtema Kinindo, si mbali na nyumbani kwake, akiwa hai, mwekundu, na hana kitu mwilini ila chupi. Kwamba alinusurika kufa halikumshtua mkubwa yeyote. Ulikuwa mwaka wa tisa wa vita, na kunusurika kufa ni jambo ambalo kila mtu mjini alikwisha kulifanya bila kuundiwa tume. Kilichowashtua wakubwa ni kwamba mtu yule alikuwa amepita vizuizi viwili vya barabarani bila kuonyesha karatasi.

Ikaundwa Tume. Ilipewa wajumbe kumi na watano, magari mawili, mihuri minne, na Zénon.

Zénon alikuwa mtu wa upepo. Miaka ishirini na miwili alipima hali ya hewa uwanja wa ndege, mpaka siku risasi zilipopita kituoni kwake na kopo la kupimia mvua likageuka chujio. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye suruali iliyokunjwa mara mbili chini, na katika Tume nzima ndiye peke yake aliyewahi kulowa kwa sababu za kikazi.

Kila alfajiri alifanya mambo mawili. Kwanza alimpigia simu Massoudi, mfanyabiashara wa mawese wa Rumonge, mji ulioko kusini kando ya ziwa, ambaye duka lake lilikuwa na simu inayosikika.

"Allô, Massoudi! Upepo?"

"Wallahi, Zénon, tangu jana iko inapiga kutoka kusini. Bibi yangu ameanika shuka, imefika kwa jirani."

Shuka ikifika kwa jirani, Zénon alijua kwamba baada ya nusu siku mawimbi yatafika Bujumbura, kwa kuwa ziwa ni refu na upepo wa kiangazi huyasukuma yote kuja kichwani kwake, kaskazini. Hapo alifanya jambo la pili: alikwenda ufukweni na majani ya mgomba. Alitupa jani hapa, akatupa pale, akatazama. Kwani maji yanayoingia na mawimbi ni lazima yatoke, na yakitafuta pa kutokea hujichimbia mlango mchangani. Mlangoni hapo kina ni kirefu, kwa hiyo mawimbi hayavunjiki. Pembeni kote utaona povu. Mlangoni utaona maji laini, meusi kidogo, yametulia. Mgeni akipaona husema hapa ndipo pazuri. Jani la mgomba likitupwa hapo huondoka kwenda Kongo bila kuaga.

Kutokana na shuka ya Massoudi na majani yake mwenyewe, Zénon aliandika rangi ya siku. Kijani: hatari ndogo. Njano: hatari ya wastani. Nyekundu: hatari kubwa, usiingie. Chini yake aliongeza kila siku mstari mmoja: "Hatari ndogo si kusema hakuna hatari." Mstari huo ndio ulioanza kufutwa.

Hapa inafaa tueleze, bila kumlaumu mtu, jinsi Tume ilivyofanya kazi.

Mkataba wa amani ulikuwa umekwisha kutiwa saini, ingawa vita havijapata nakala yake, na kila kitu nchini kilikuwa kikigawanywa kwa usawa baina ya familia za kisiasa, yaani makundi ya vyama: wizara, balozi, viti vya mbele kwenye misa. Isingekuwa haki hatari peke yake ibaki mikononi mwa mtu mmoja mwenye majani ya mgomba. Kwa hiyo familia tatu zilizokuwa katika Tume ziligawana rangi. Kijani ilichukuliwa na familia ya Mkurugenzi Mkuu, Bwana Herménégilde. Nyekundu ilichukuliwa na familia ya pili, iliyoipenda haki ya kufunga ufukwe kwa filimbi. Njano iliachiwa familia ya tatu, ambayo ilitoka kikaoni mara mbili kwa hasira na ikarudi mara mbili kwa chakula cha mchana. Kila rangi ilipata siku kumi kwa mwezi, zamu kwa zamu, katika kalenda aliyoipiga mashini Zénon, ambaye ndiye pia aliyekuwa mpiga chapa wa Tume. Julai ina siku thelathini na moja. Siku ile ya ziada ilijadiliwa wiki mbili, na mwishowe ikaamuliwa kwamba tarehe thelathini na moja, kiutawala, ziwa halitakuwapo.

Zénon aliinua mkono. "Patron, na upepo?"

Mkurugenzi Mkuu alimtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeuliza choo kipo wapi katikati ya hotuba.

"Upepo ni wa familia gani?"

Zénon alishusha mkono. Alikaa.

Tangu hapo kila alfajiri alipeleka juu karatasi yake yenye rangi ya kweli, na kila siku ya kijani ilirudi ikiwa na maneno yale yale ya Mkurugenzi Mkuu, kwa wino wake wa kijani: "Mkondo haupo. Usirudie tena." Hata hivyo Zénon alirudia. Katika siku kumi na mbili za kwanza, rangi ya Tume na hali ya maji vilipatana mara tatu, na mara zote tatu wajumbe walipeana mikono.

Aya moja ilimuuma zaidi. Aliandika, kwa maneno ya kueleweka na mtoto: "Ukibebwa na mkondo, usishindane nao. Lala chali, uelee. Kisha ogelea kando, sambamba na ufuko, mpaka maji yakuachie. Ndipo urudi." Mkurugenzi Mkuu alimwita ofisini.

"We Zénon, nchi iko mu vita miaka tisa, na we unaandikia raia wasipigane?"

"Patron, ni mu mayi tu."

"Leo mu mayi, kesho mu milima. Na hii 'ogelea kando', kando wapi? Kwa nani?"

Aya ikafutwa. Mahali pake ikawekwa nyingine: "Mwananchi atakayebebwa arudi moja kwa moja alikotoka, kwa juhudi na uzalendo." Na ili siku za kijani zisichafuliwe na kelele, ikaongezwa Kanuni ya Saba: siku ya kijani, mtu yeyote atakayeinua mkono akiwa majini ahesabiwe kwamba anasalimia.

Mambo yalikwenda vizuri. Watu wa Ruziba, wanaoanika ndagala zao, yaani dagaa wa ziwa, mchangani tangu enzi za babu zao, waliusoma ubao wa Tume na kuendelea kuangalia maji. Ndipo Tume ikaamua kufungua Ufukwe wa Mfano, Jumamosi tarehe kumi na tatu, siku ya kijani kwa zamu.

Mahali palichaguliwa na kamati ndogo iliyoyatazama maji kwa makini kutoka ndani ya gari. Kati ya Kinindo na Ruziba iliona mawimbi yakivunjika meupe kulia, yakivunjika meupe kushoto, na katikati njia laini iliyotulia, pana hatua kumi na tano. Kamati ilifurahi sana. Ilisimamisha nguzo mbili zenye bendera, na kati yake kibao: HAPA PANA USALAMA.

Zénon alipokiona kibao alikaa chini mchangani. Kisha akaomba aonyeshwe programu. Saa nne na dakika ishirini: kwaya ya akina mama thelathini kutoka parokia ya Nyakabiga itaingia majini hadi kiunoni na kuimba. Anayeanzisha nyimbo za kwaya ile alikuwa Geneviève, mkewe. Geneviève hajui kuogelea. Katika wale thelathini hakuna hata mmoja anayejua.

Ijumaa jioni alimkuta akipiga pasi ya mkaa kitambaa kipya, cha buluu chenye ua jeupe, ambacho kwaya nzima ilishona kwa ajili ya sherehe.

"Geneviève, kesho usiingie mu mayi."

"Juu ya nini? Si kesho iko kijani? We mwenyewe umeipiga mashini."

"Nimepiga mashini. Sikuandika mi."

"Sasa nani aliandika?"

"Kalenda."

Geneviève alicheka mpaka majivu yakaruka kwenye pasi. Kisha akaiweka pasi chini, akakaa, na kicheko kikamwisha.

"Zénon, sikiliza. Miaka tisa tunaimbia maiti. Mu kwaya yetu hakuna mama hajaimbia wa kwake. Kesho njo mara ya kwanza tunaimba na hakuna sanduku mbele yetu. Sasa mi niende niambie wenzangu tunabaki nyumbani, juu bwana yangu ameona jani?"

Zénon alimwongezea makaa kwenye pasi. Aliogopa, na aliona haya kuogopa mbele ya mtu anayefurahi hivyo. Alilala na hofu yake, akaamka nayo.

Asubuhi Massoudi hakuulizwa hata swali. "Zénon, shuka imepotea kabisa," alisema. Ufukweni jani la mgomba lilitoka mbio kati ya zile nguzo mbili kama lina mgonjwa Uvira, ng'ambo ya Kongo. Zénon aliandika NYEKUNDU, akapigia mstari, akamfuata Mkurugenzi Mkuu aliyekuwa tayari amefika, amevaa suti ya mazoezi ya buluu iliyonyooshwa pasi.

"Patron, naomba kwaya ibaki ku muchanga."

"Siku ya kijani?"

"Kijani yenyewe, Patron, hata ingekuwa ya kweli, ni hatari ndogo tu, si kusema..."

"Hatari ndogo ni ndogo. Familia yetu haitoi hatari ya kusumbua batu." Akachukua karatasi, akaiweka juu ya mgongo wa dereva wake, akaandika kwa wino wa kijani, akairudisha. Zénon hakuhitaji kuisoma. Aliikunja, akaitia mfukoni.

Alikwenda kwa Byamungu. Huyu alikuwa mvuvi wa Uvira aliyekimbia vita vya kwao na kuvikuta vya huku, akaamua kubaki majini, ambako angalau alijua kinachomvuta. Alikuwa akikung'uta nyavu kando ya mtumbwi wake.

"Byamungu, ile mayi unaiona?"

"Naiona. Mi siwezi kuogesha hata mbuzi pale."

"Unaweza kukaa kule inje, nyuma ya mawimbi, mpaka sherehe iishe?"

"Naweza. Lakini mutumbwi yangu inabeba batu sita, Zénon. Wale wamama wako makumi tatu." Byamungu alitazama kwaya iliyokuwa ikishuka kutoka kwenye lori, buluu na nyeupe, ikicheka. "Utanichagulia sita gani?"

Zénon aligeuka kuitazama kwaya. Geneviève alikuwa mbele, akirekebisha kilemba cha mwenzake. Huko milimani ilisikika milio miwili mitatu ya bunduki, mbali, na hakuna aliyegeuza kichwa. Wote walikuwa wakitazama maji, wanayaona yametulia, wanayapenda.

Basi akamwona Valéry.

Valéry alikuwa Mkuu wa Protokoli, mtu wa makamo mwenye kola iliyokakamaa na programu kumi na mbili kwapani. Alikuwa amewahi kusimamishwa kazi wiki mbili kwa kumkalisha mke wa gavana kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na joto la mtu mwingine. Tangu hapo hakulala vizuri.

"Ndugu Valéry," Zénon alisema, "nina swali ndogo ya protokoli."

"Hakuna swali ndogo ya protokoli."

"Saa ine na dakika makumi mbili, kwaya inaingia mu mayi. Saa ine na dakika makumi ine, Patron anaingia. Njo vile?"

"Njo vile."

"Kwa hiyo Patron ataingia mu mayi yenye wamama thelathini wamekwisha kuingia."

Valéry alivua miwani. Akatazama ziwa, akatazama kwaya, akatazama mahali pa Patron chini ya turubai. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Yampayinka," alinong'ona, kama Mrundi aliyeshtuka. "Mayi iliyokwisha kutumika."

Alitoa kalamu pale pale. Mkurugenzi Mkuu angeingia wa kwanza, peke yake, na kwaya ingemfuata kwa ishara yake. Tusimsingizie Zénon. Hakumtakia mtu mabaya, na Byamungu alikwisha kupiga makasia kwenda nje. Alichofikiri ni kwamba Patron atafika magotini, atasikia mchanga ukimkimbia chini ya nyayo, ataogopa kama binadamu yeyote, na sherehe itaishia kwenye hotuba.

Alisahau kwamba kulikuwa na televisheni.

Ngoma zilipigwa. Mkurugenzi Mkuu alivuliwa koti la mazoezi na watu wawili, akashuka majini kati ya zile nguzo, tumbo mbele. Kulia mawimbi yakavunjika kwa kishindo, kushoto yakavunjika kwa kishindo. Kwake, kimya.

"Munaona?" aliwaambia watu wa kamera. "Hata mawimbi iko na heshima!"

Magoti. Kiuno. Hapo Zénon alimwona akisita na kutazama chini, akamwomba Mungu Patron ageuke. Aligeuka kweli, lakini aligeuka kwa ajili ya kamera, akapunga mkono, na ili apunge vizuri akarudi hatua moja nyuma.

Maji yakamwinua. Hakukuwa na kelele wala vurugu. Aliondoka wima, uso ukiwatazama wananchi, akizidi kuwa mdogo, kama mkubwa anayeondoka kwa gari lisilo na mngurumo. Watu walidhani ndiyo programu.

Mkurugenzi Mkuu alikuwa amejifunza kuogelea Liège, Ubelgiji, enzi za masomo, katika bwawa lenye mistari ya buluu chini na ukuta kila upande. Alijikumbusha taarifa yake mwenyewe, akaitii kama raia mwema. Alianza kurudi moja kwa moja alikotoka, kwa juhudi na uzalendo. Kadiri alivyopiga maji ndivyo ufuko ulivyokwenda zake. Akainua mkono.

Wananchi wakainua mikono.

"Anafanya nini?" Geneviève aliuliza.

Valéry alifungua kijitabu, akatafuta Kanuni ya Saba, akaweka kidole. "Anasalimia."

Mkurugenzi Mkuu akainua mikono miwili. Makofi yakapigwa, na wapiga ngoma wakaongeza kasi.

"Ule mutu anakufa!" Geneviève alipiga kelele. "Nyinyi hamuna macho? Anakufa!"

"Mama," askari aliyekuwa karibu alimtuliza, "leo iko kijani."

Zénon hakuwahi kumnyang'anya mtu kitu maishani mwake. Siku ile alimnyang'anya msema-chochote kipaza sauti, akakimbia nacho mpaka maji yakamfika viatuni, akasoma kwa kichwa aya iliyofutwa.

"Patron! Usishindane nayo! Lala chali! Patron, jiachie, uelee! Usirudi huku! Ukipumzika ogelea kando! Kando, upande wa Kinindo!"

Ngoma zikanyamaza. Kule mbali kichwa cha Mkurugenzi Mkuu kilisimama juu ya maji. Ilionekana wazi kwamba anafikiri: ni jambo zito kwa mtu wa cheo chake kupewa amri na mpiga mashini, tena mbele ya watu. Alizama, akaibuka, akakohoa. Kisha, taratibu, tumbo lake likatokea juu ya ziwa, duara, limetulia, likielekea angani. Kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe alikuwa amefuata utabiri.

Byamungu alimfikia hapo. Alimvuta ndani kwa mkanda wa suruali, akazunguka na mtumbwi upande wa kaskazini, nje ya mlango wa maji, akamleta mchangani ambako ndagala zilikuwa zikianikwa. Geneviève alivua kitenge chake cha juu akamfunika. Mkurugenzi Mkuu alitetemeka, akatapika maji, akatazama nyuso zote zilizomzunguka, na neno lake la kwanza likawa:

"Nani aliweka ile mkondo?"

"Mkondo gani, Patron?" aliuliza Valéry kwa heshima, kijitabu bado mkononi.

Kwaya iliimba siku ile mchangani, miguu mikavu, wimbo wa shukrani, bila jeneza mbele yake. Zénon alisimama nyuma ya umati akalia kidogo. Geneviève alimwona, na walipofika nyumbani alimwambia, "Ile jani yako," akatikisa kichwa, akamwongezea mchuzi.

Jumatatu Tume ilikutana. Mkurugenzi Mkuu, sauti ingali na mchanga, aliomba tarehe kumi na tatu itangazwe kuwa nyekundu, kwa kurudi nyuma. Familia ya pili ilisimama kama mtu mmoja. Nyekundu ni zetu, siku kumi, zimo kwenye mkataba. Leo anaiba moja, kesho je? Familia ya tatu ilipendekeza njano, ikazomewa, ikatoka. Baada ya siku tatu ikaonekana kwamba rangi haiwezi kubadilishwa bila kuhatarisha amani ya nchi. Tarehe kumi na tatu ilikuwa kijani na itabaki kijani. Siku ya kijani hakuna mkondo. Kwa hiyo mkondo haukuwapo.

Hapo ndipo mjumbe mmoja, mtu mtulivu ambaye hakuwahi kusema, aliuliza: kama mkondo haukuwapo, Mkurugenzi Mkuu alifikaje kule?

Barua ya kuomba maelezo iliandikwa siku hiyo hiyo, na ilipigwa mashini na Zénon. Ilimtaka mhusika aeleze, ndani ya saa arobaini na nane: kwanza, kwa nini tarehe kumi na tatu Julai, akiwa kazini, aliondoka kwa hiari yake kuelekea nchi jirani bila kibali cha safari, pili, kwa nini alikutwa ndani ya chombo cha raia wa nchi hiyo, hana viatu, tatu, kama ni kweli kwamba wakati akiondoka aliliaga taifa kwa mikono miwili.

Bwana Herménégilde alishuka mwenyewe mpaka chumba cha nyuma. Hakuwahi kufika huko. Alikaa kwenye benchi la Zénon, akapangusa uso.

"Zénon, ndugu yangu. We uliiona ile mkondo."

"Niliiona, Patron."

"Utasema?"

"Nilisema, Patron."

Akatoa mfukoni karatasi ya asubuhi ile, imekunjwa mara nne, akaifungua juu ya meza. Juu: NYEKUNDU, na mstari chini yake. Hapo chini, kwa wino wa kijani: "Mkondo haupo. Usirudie tena." Na saini. Bwana Herménégilde aliufuata mwandiko wake kwa kidole mpaka kwenye saini. Akisema mkondo ulikuwapo, alisaini uongo. Akisema haukuwapo, alikuwa anatoroka.

"Sasa mutu akifika hapa anafanya nini?" aliuliza, kwa sauti ndogo.

"Hashindani nayo, Patron. Anajiachia."

Alijiachia, akaijibu barua kwamba mkondo aliuona. Tume ilikuwa na huruma. Kwa kuwa yeye peke yake, kati ya waheshimiwa wote, ndiye aliyeshikilia kwamba amewahi kuona mkondo siku ya kijani, aliteuliwa kuwa Mtazamaji wa Kudumu wa Ufukwe wa Mfano, akae pale kila siku ya kijani mpaka auone tena. Ukurugenzi alipewa Valéry, aliyethibitisha mbele ya umma, kitabu mkononi, kwamba ile ilikuwa salamu. Zénon alibaki na cheo chake na benchi lake, ila aliongezewa kazi ya kumfundisha Mtazamaji kutupa majani.

Tusimpunje: alijifunza upesi. Kufikia Agosti Bwana Herménégilde aliujua mlango wa maji kwa rangi yake tu, bila jani. Alisimama pale asubuhi, suruali imekunjwa, akaandika NYEKUNDU, akapeleka karatasi mjini na lori la ndagala, na saa sita ikamrudia kwa mwandiko mpya, mzuri zaidi, wino ule ule: "Mkondo haupo. Usirudie tena." Hata hivyo alirudia.

Jumamosi moja ya kijani kwaya ya Nyakabiga ilishuka kutoka kwenye lori. Akina mama walimkuta kando ya kibao, magoti yamelowa.

"Muzee," Geneviève alimwita, "leo iko rangi gani?"

"Ofisi inasema kijani, Mama."

"Na we unasema nini?"

Bwana Herménégilde alitupa jani kati ya nguzo mbili. Halikukaa hata kidogo. Wote walilisindikiza kwa macho mpaka likapotea upande wa Uvira.

"Mi nasema imbeni hapa hapa ku muchanga," alisema. "Na siku mukiniona mu mayi nimeinua mukono, tafazali, musinipungie."